Kabla ya Kuuza Maksai

Wasikilizaji wangu wa Sumbawanga mjini, wa Laela, Matai na Namanyere, nanyi mlioko kule bondeni Muze na Mtowisa, bei ya mahindi tuiache kwanza leo. Kuna ujumbe unazunguka kwenye makundi ya simu ya ndugu na jamaa, na Ufipa nako umefika, maana nimeulizwa habari zake sokoni, nikaulizwa tena nje ya kanisa. Unasema imepatikana dawa ya dripu inayoamsha kinga ya mwili; ukiichanganya na kemo na mionzi, kansa ya koo inaondoka bila mtu kupasuliwa. Mwishoni pana bei kwa dola, na ushauri kwamba ukoo uchangishane haraka.

Ujumbe huo una kweli ndani yake, na ndiyo maana unanitia hofu. Uongo mtupu huwa tunaushtukia. Hiki ni kipande cha kweli, na mtu akikishika vibaya anaweza kuuza ng'ombe wa kulimia, akafika Dar es Salaam mkono mtupu, huku kile ambacho kingemsaidia kimepita pembeni yake miezi sita iliyotangulia.

Kansa tunayoizungumzia hukaa kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ugali ndio hutangulia kutoa taarifa. Mzee anaanza kushushia kila tonge kwa maji. Nyama inakwama, maharage yanapita. Baada ya muda ugali unaachwa, anabaki na uji. Uji nao unafanywa mwepesi, yanafuata maziwa, na mwisho hata mate yake anayatema kwenye kopo lililowekwa kando ya kitanda. Katikati ya hayo yote duka la dawa limeshamuuzia vidonge vya vidonda vya tumbo zaidi ya mara moja, jirani kasema ni kimeo kikatwe, na kwa kuwa tuko Sumbawanga, hakosekani mtu wa kusema mzee amelishwa kitu. Miezi inakwenda. Umio una tabia ya kutanuka, kwa hiyo chakula kikianza kukwama ujue uvimbe umeshachukua sehemu kubwa ya njia. Hapo si pa kusubiri mavuno.

Na sisi tunaishi ndani ya ukanda wake. Watafiti wakichora ramani ya ugonjwa huu barani Afrika, mstari unashuka kutoka Ethiopia, unapita Kenya, Tanzania na Malawi, unafika Afrika Kusini. Afrika Magharibi ni nadra. Hapa Tanzania kansa hii iko kati ya saratani tano zinazoongoza. Pale hospitali ya Tenwek, Bomet nchini Kenya, madaktari waliandika miaka mingi iliyopita kwamba wanapokea vijana, wengine hawajafika miaka 30, jambo ambalo kwa wenzao wa Ulaya ni kama muujiza mbaya.

Sababu moja ya kuinyooshea kidole haipo. Kuna sigara na ugoro, pombe, moshi wa kuni jikoni, meno yasiyotunzwa, na kuna vinywaji vya moto kupita kiasi. Mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Kilimanjaro walipima chai ya maziwa pale mtu anapopiga funda la kwanza, wakakuta inacheza kwenye nyuzi 70 hivi. Sasa mwezi wa sita na wa saba hapa Ufipa, asubuhi ukitoka nje pumzi inafuka moshi, nani anasubiri chai ipoe? Nanyi wapenzi wa kimpumu, ile inayomwagiwa maji ya moto ikanyonywa kwa mrija: mrija hauwapi midomo nafasi ya kuonja joto. Nimesema. Sitawafuata vilabuni.

Twende kwenye matibabu. Kumpasua mtu umio ni kazi nzito: kipande chenye ugonjwa kinatolewa, tumbo linavutwa juu kuziba pengo. Daktari akisema uvimbe haupasuliki, mara nyingi ameona umeshika bomba la hewa au mshipa mkuu wa damu, au umekaa juu sana karibu na shingo, au mgonjwa mwenyewe amedhoofu kiasi kwamba hawezi kuvumilia kisu. Nyumbani sisi tunasikia neno moja tu: mrudisheni. Watu wanaanza kuulizana habari za shuka.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu haupasuliki haina maana hautibiki. Miaka ya 1980 Marekani walifanya jaribio kwa wagonjwa wa umio ambao hawakupasuliwa. Kundi moja lilipewa mionzi peke yake, kipimo cha juu, grei 64. Kundi la pili lilipewa mionzi pungufu, grei 50 kwa wiki 5, lakini pamoja na dawa mbili za dripu, sisplatini na fluorourasili. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 1992. Walipohesabu tena baada ya miaka 5, katika kundi la mionzi peke yake hakubaki hata mmoja. Katika kundi la mchanganyiko walikuwa hai asilimia 26.

Robo. Mtu anaweza kusema robo ni ndogo. Mimi nasema ukiwa umeshaambiwa hakuna la kufanya, kisha ukaonyeshwa kwamba kati ya wanne mmoja anaweza kuiona miaka 5, hiyo ni habari kubwa kuliko yote nitakayowaambia jioni hii, na haijawahi kuzunguka kwenye kundi lolote la simu. Dawa zile mbili ni za zamani, zinatengenezwa na viwanda vingi, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tangu wakati huo wamejaribu kuongeza kipimo cha mionzi wakidhani kikizidi kitaua zaidi, na faida haikuonekana. Grei 50 na kidogo, pamoja na kemo, imebaki kuwa nguzo ya tiba hiyo duniani kote, Marekani hata China.

Nguzo hiyo Tanzania ipo. Kwa mtu wa Rukwa ipo mbali, lakini ipo. Taasisi ya Saratani Ocean Road iko ufukweni Dar es Salaam, kwenye majengo ambayo ya kwanza Wajerumani waliyajenga mwaka 1897 kuwa hospitali. Ilifanywa taasisi kwa sheria ya Bunge mwaka 1996, na mwaka 2018 ikaanza kutumia mashine za kisasa za mionzi aina ya linaki. Bugando, Mwanza, nako wanatoa mionzi. Mgonjwa wetu kwa kawaida huanzia zahanati, anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Dokta Atiman, anavushwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ndipo anashuka Dar. Ni zaidi ya kilomita elfu moja za basi, Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa, Morogoro, kwa mtu ambaye njiani hawezi kula hata ndizi.

Akifika, mashine yenyewe inammulika dakika chache tu. Tatizo ni kwamba inamtaka kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5 na ushee. Akikatisha katikati, uvimbe unapata nafasi ya kuota upya na kipimo chote kinapungukiwa nguvu. Kwa hiyo tiba ya bei nafuu inageuka kuwa tiba ya malazi. Analala wapi? Nani anampikia uji laini mara sita kwa siku katika joto la Dar? Hata pale bima au msamaha unapolipia matibabu, chumba cha Mbagala haulipii. Na kama rufaa imetoka Novemba, mvua zimeanza, kijana wa kumsindikiza mzee ndiye huyo huyo anayeshika plau. Nyumba inapoteza mzee na msimu kwa pamoja, ndiyo maana wengi hurudi baada ya wiki mbili wakisema wataenda kumalizia baada ya kupanda. Sijui kama kuna neno la kumlaumu mtu aliye katika hali hiyo. Ninachojua ni kwamba kumalizia baada ya kupanda huwa hakupo.

Sasa ile dawa ya kinga. Mwili una askari wake wa damu, fikirieni sungusungu wanaozunguka usiku. Seli ya kansa ni mgeni mbaya, lakini imejifunza kuonyesha kitambulisho ambacho sungusungu wakikiona wanashusha rungu na kupita. Mjapani Tasuku Honjo aligundua sehemu hiyo ya kushushia rungu, inaitwa PD-1, mwaka 1992, na mwaka 2018 yeye na Mmarekani James Allison wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kufungua njia ya tiba hii. Dawa kama pembrolizumabu na nivolumabu zinaziba jicho lile la kusomea kitambulisho. Askari anaendelea kupiga.

Wazo la kuziunganisha na mionzi lina mantiki yake. Mionzi ikizipasua seli za kansa, vipande vyake vinamwagika na askari wanapata kumjua adui kwa sura. Ukiongeza dawa inayowazuia wasishushe rungu, huenda wakafuata hadi masalia. Lakini mionzi hiyo hiyo inaua askari. Umio umelala nyuma ya moyo na mbele ya uti wa mgongo, damu nyingi inapita pale kila dakika, na chembe nyeupe ni dhaifu mno mbele ya mionzi. Unawaamsha kwa mkono huu, unawachoma kwa mkono ule. Kwa hiyo swali la wataalamu limekuwa: dawa ya kinga iingie lini, na kwa nani?

Majibu yanatofautiana kwa kila kiungo, na hapa ndipo ujumbe wa simu ulipokatwa. Kwenye mapafu, dawa ya ukoo huu iitwayo durvalumabu ikitolewa baada ya mionzi na kemo kwisha, watu waliishi zaidi. Ilipotolewa sambamba na mionzi, haikuleta faida. Kansa za kichwa na shingo, jaribio kubwa la sambamba, lililochapishwa mwaka 2021, lilishindwa. Shingo ya kizazi, pembrolizumabu ikichanganywa na kemo na mionzi, baada ya miaka 3 walikuwa hai karibu wanawake 83 kati ya 100, dhidi ya 75 waliopata kemo na mionzi tu. Dawa za ukoo mmoja, wazo moja, matokeo matatu tofauti. Mtu akikwambia imefanya kazi kwenye kansa, muulize kansa ya wapi.

Kwenye umio wenyewe, Guangzhou nchini China walichanganya dawa nyingine ya kinga, toripalimabu, na kemo na mionzi kwa wagonjwa 42, wakachapisha mwaka 2023: kwa 26 uvimbe ulikuwa hauonekani tena tiba ilipokwisha. Inatia moyo, tena sana, kwani aina ya kansa ni hii hii tuliyo nayo sisi. Ila hapakuwa na kundi la kulinganisha, na wagonjwa 42 hawatoshi kuandikia sera wala kuuzia shamba. Majaribio makubwa ya nchi nyingi nayo yalianzishwa, ili matumaini ya namna hii yapimwe kwa mamia. Wale waliokwisha kupasuliwa baada ya kemo na mionzi, kukabaki masalia, nivolumabu ya mwaka mmoja iliwapa wastani wa miezi 22 bila ugonjwa kurudi badala ya 11; hilo lilichapishwa 2021. Na wale ambao ugonjwa umeshasambaa, pembrolizumabu juu ya kemo ilisogeza wastani wa kuishi kutoka miezi 9.8 hadi 12.4. Ni faida ya kweli. Ni miezi miwili na nusu.

Bei ya pembrolizumabu Marekani ni zaidi ya dola 10,000 kwa dozi moja ya wiki 3. Kwa shilingi, dozi moja tu inapita milioni 20, na watu huendelea mwaka, wengine miwili. Maksai wawili na plau lao, ambao ndio mtaji wa nyumba nyingi za hapa, hawafiki hata robo ya dozi ya kwanza. Nawaambieni wazi msimamo wangu: kama kuna maksai wa kuuzwa, auzwe kwa ajili ya nauli, chumba na uji wa wiki 5 za mionzi na kemo, na auzwe mapema, mzee angali anakula ugali kwa taabu. Tiba mpya imejengwa juu ya ile ya zamani. Aliyeikosa ya chini hana pa kuiweka ya juu.

Kuna jambo jingine halisemwi. Sungusungu aliyeondolewa mipaka anaweza kuingia nyumba ya jirani. Dawa hizi zinaweza kuwasha mapafu, utumbo, ini, tezi za shingo, na mapafu ya mgonjwa wa umio yameshapitiwa na mionzi. Tuseme mgonjwa amechangiwa, amepata dozi mbili jijini, amerudi Wampembe kando ya Ziwa Tanganyika. Baada ya mwezi anakohoa na kuhema. Zahanati itafikiria nimonia, itafikiria kifua kikuu, na ni haki yao, kwa sababu ndivyo wanavyoviona kila siku. Lakini mapafu yaliyowashwa na dawa ya kinga yanataka steroidi, tena haraka. Mgonjwa wa dawa ya kinga lazima awe na kadi inayosema amepewa nini na lini, na simu ya daktari aliyempa. Anayekuuzia dozi bila kukuambia hilo ni mfanyabiashara.

Sitaki mkazima redio mkidhani nawafungia mlango. India, hospitali ya Tata Memorial mjini Mumbai, waliuliza swali ambalo kampuni za dawa hazina haraka ya kuliuliza: je, kipimo kidogo kinatosha? Wakatumia nivolumabu miligramu 20 kila wiki 3, chini ya sehemu ya kumi ya kipimo cha kawaida, pamoja na dawa za kunywa za bei ndogo, kwa wagonjwa wa kansa za kichwa na shingo zisizoponyeka. Mwaka 2022 wakatangaza: waliofikisha mwaka mmoja walipanda kutoka asilimia 16 hadi 43. Hao si wagonjwa wa umio, tusije tukakata kweli vipande sisi wenyewe. Lakini jaribio la namna hiyo kwa umio, likifanyika huku kwenye ukanda wetu, Dar, Moshi, Eldoret au Blantyre, lingekuwa na maana kwetu kuliko kusubiri bei ya Marekani ishuke. Hati miliki kuu za pembrolizumabu huko Marekani zinakwisha mwaka 2028, na viwanda vya nakala vinajipanga. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliipanulia dawa hiyo nafasi kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa shingo ya kizazi, mapafu na aina fulani ya utumbo mpana. Umio haumo bado.

Na kwa yule aliyekwisha chelewa, mate yenyewe hayapiti, kuna mrija wa waya unaojitanua unaowekwa ndani ya umio kwa kutumia kamera, bila kupasua. Tenwek wamewawekea wagonjwa wengi mno, na Muhimbili pia wanaweka. Hauponyi. Unamwezesha mtu kunywa chai na wajukuu zake, kumeza dawa ya maumivu, kuzungumza bila kopo mkononi. Mionzi ya siku chache nayo hufungua njia kwa baadhi ya watu. Muulizeni daktari habari za mrija kwa sauti ile ile mnayoulizia dawa mpya, maana kuna familia zimekusanya fedha za dripu wakati mzee anakufa kwa kiu.

Kabla sijaondoka, kwa walio na rufaa mkononi wiki hii. Kipimo cha kamera kifanyike na kinyama kichukuliwe Mbeya, msikubali kusafiri hadi Dar bila majibu ya kinyama, mtaanza foleni upya. Bebeni picha za CT kwenye sidii pamoja na karatasi yake. Kama mzee hawezi kumeza, ombeni mpira wa kulishia kabla ya basi, kwa sababu aliyefika akiwa amekauka hataanzishiwa mionzi hadi apate nguvu. Tafuteni mapema ndugu wa Dar mwenye chumba karibu na barabara ya mabasi. Na pale Ocean Road ulizeni swali hili hili kama lilivyo: je, mzee wetu anafaa kupewa kemo na mionzi kwa pamoja, au mionzi ya kumpunguzia shida tu? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua bajeti yenu yote.

Wiki ijayo saa hizi nitakuwa na bwana shamba, tuzungumze viwavijeshi kwenye mahindi. Waliotuma maswali ya mbolea ya ruzuku, nimeyaona.